Dawa ya Kukesha

Tunapozungumzia dawa za kulevya, fikra zetu hukimbilia vichochoroni: sindano, karatasi za fedha, teja anayesinzia kituoni huku amekunja magoti bila kuanguka. Hiyo ni sura ya heroini, dawa inayolaza. Vichangamshi, yaani kokeini, amfetamini, methamfetamini na, kwa kadiri yake, mirungi (au miraa), vina historia nyingine. Vyenyewe viliingia duniani mchana kweupe, mikononi mwa madaktari, majemadari na wenye viwanda, vikisifiwa kwamba vinaondoa uchovu, vinakata njaa na kumfanya mtu mmoja afanye kazi ya watu wawili. Ukizifuata kumbukumbu za dawa hizi kuanzia Vienna ya karne ya 19 hadi Mombasa ya 2024, utaona mpangilio uleule ukijirudia. Mtu huanza kwa kutafuta nguvu za kazi, starehe hufuata, na madhara huonekana mwisho, wakati ubongo uliotakiwa kuyatambua umekwisha kuguswa. Kwa hiyo nashikilia kwamba kinga inayoanza kwa kupigana na starehe imechelewa. Haina budi ianzie kwenye kazi, kwenye usingizi, na kwenye umri ambao ubongo bado unajengwa.

Mwaka 1884 Sigmund Freud, wakati huo daktari kijana asiye na jina, alichapisha makala ya kuisifu kokeini. Aliona kwamba inamwondolea mtu unyonge na kumwezesha kufanya kazi kwa muda mrefu, na akapendekeza itumike kuwaachisha watu mofini. Rafiki yake Ernst von Fleischl-Marxow, mwanasayansi aliyekuwa akitumia mofini kwa maumivu ya mkono, aliijaribu tiba hiyo. Akawa mtumwa wa dawa mbili badala ya moja, akawa anaona viumbe vikitambaa kwenye ngozi yake, akafa 1891 akiwa na miaka 45. Somo hilo halikufika mbali. Mwaka 1938 kampuni ya Temmler ya Berlin ilianza kuuza Pervitin, vidonge vya methamfetamini, bila hata cheti cha daktari. Wanafunzi walivimeza wakati wa mitihani, madereva wakavimeza safarini, na katika miezi michache ya 1940, jeshi la Ujerumani lilipokuwa likiivamia Ufaransa, askari walipelekewa vidonge milioni 35. Walipigana mchana, wakasonga mbele usiku. Mwaka uliofuata serikali ileile iliviweka vidonge hivyo chini ya sheria ya afyuni, kwa sababu madaktari walikwisha kuona wanajeshi wasioweza tena kufanya lolote bila kumeza.

Kumbukumbu yenye mafunzo mengi zaidi ni ya Japani. Methamfetamini ilitengenezwa mara ya kwanza na mkemia wa huko, Nagai Nagayoshi, mwaka 1893. Kuanzia 1941 iliuzwa kwa jina la Philopon, ikagawiwa marubani, askari wa zamu na wafanyakazi waliokesha katika viwanda vya silaha. Vita vilipokwisha 1945, akiba ya jeshi ilimwagika sokoni na kuwafikia watu wenye njaa, wasio na makazi, wanaotafuta kibarua usiku na mchana. Serikali ilitunga sheria ya kudhibiti vichangamshi 1951. Katika mwaka 1954 pekee walikamatwa watu zaidi ya 55,000. Adhabu zikaongezwa, matibabu ya lazima yakaanzishwa, uchumi nao ukafufuka, na kabla ya muongo huo kwisha idadi ya wanaokamatwa ilikuwa imeshuka chini ya 1,000 kwa mwaka. Wapo wanaoitaja habari hii kuthibitisha kwamba rungu linatosha. Wanaiacha sehemu yake ya pili: katika miaka ya 1970 dawa hiyo ilirudi, safari hii ikisambazwa na magenge ya yakuza, na miongoni mwa wateja walikuwamo madereva wa malori na vibarua wa ujenzi. Sheria ilikuwa bado ipo. Haja ya kukesha nayo ilikuwa bado ipo.

Kwa nini dawa hizi zinadanganya hivi? Seli za neva ubongoni hazigusani. Kati ya moja na nyingine pana mwanya mwembamba, na ujumbe huvushwa na kemikali. Mojawapo ni dopamini, ambayo huuambia ubongo kwamba jambo fulani linafaa kurudiwa: chakula, mapenzi, sifa baada ya kazi nzuri. Ujumbe ukishafika, pampu ndogo kwenye ukuta wa seli huifyonza dopamini na kuirudisha ilikotoka. Kokeini huziba pampu hizo. Amfetamini na methamfetamini hufanya zaidi: huingia ndani ya seli, huitoa dopamini kwenye vifuko vyake vya akiba, kisha huilazimisha pampu kufanya kazi kinyume, ikimwaga badala ya kufyonza. Katika majaribio ya panya, chakula huongeza dopamini kwa takriban nusu ya kiwango cha kawaida. Amfetamini huweza kuipandisha hadi mara kumi. Ndipo uchovu hutoweka na kazi ya kuchosha ikaonekana tamu. Lakini nguvu yenyewe haijaongezeka hata chembe. Ni kama dereva aliyeifunika kwa kitambaa taa ya onyo la mafuta: onyo halioni tena, na tangi linazidi kukauka.

Madhara hutokana na kitendo hichohicho kinachosifiwa. Dopamini iliyofurika nje ya vifuko vyake huvunjika na kuzalisha kemikali kali zinazoishambulia seli kutoka ndani, na joto la mwili linalopandishwa na methamfetamini huzidisha shambulio hilo. Ubongo hujitetea kwa kupunguza vipokezi vya dopamini, na matokeo yake mambo ya kawaida, mlo, mazungumzo, mshahara wa mwisho wa mwezi, yanakosa ladha. Mwaka 2001 mtafiti Nora Volkow na wenzake, kwa kutumia picha za ubongo za PET, walionyesha kwamba watu waliotumia methamfetamini kwa muda mrefu walikuwa na pampu za dopamini pungufu kwa karibu robo kuliko wasiotumia, na upungufu huo uliendana na kufanya vibaya katika majaribio ya mwendo na ya kumbukumbu. Mwaka 2004 kundi la Paul Thompson, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilipima hipokampasi ya watumiaji wa dawa hiyo, sehemu inayoandika kumbukumbu mpya, na kuikuta imepungua kwa asilimia 7.8. Kokeini ina njia yake ya ziada: hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo, hata kijana asiye na historia yoyote ya maradhi akapatwa na kiharusi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwezesha kupima matokeo na kusema yatosha, nayo hudhoofika. Ndiyo sababu kumwambia mraibu aliyekwisha kuzama kwamba anachokosa ni nia tu ni kumdai chombo ambacho ugonjwa wenyewe umekipunguzia makali.

Juu ya hayo kuna usingizi, ambao wengi huuhesabu kama uvivu wa mwili. Usiku ndipo ubongo hupanga yaliyosomwa mchana na kurudisha uwezo wa kutuliza hasira na hofu. Anayeunyima usingizi huo siku mbili au tatu kwa nguvu ya dawa huanza kusikia sauti zisizokuwapo, kumshuku mkewe, kudhani kila anayekohoa nje ni askari. Kwa wengi hali hiyo hutulia siku chache baada ya dawa kwisha mwilini. Kwa baadhi hudumu au hurudi baadaye hata kwa sababu ndogo. Katika familia zetu, hapo ndipo ndugu husema amerogwa, na muda wa thamani hupotea wakizunguka kwa waganga. Ni vyema kila nyumba ijue kwamba joto kali la mwili, maumivu ya kifua, degedege, mdomo kwenda upande au mkono kupoteza nguvu ghafla kwa mtu aliyetumia kichangamshi ni mambo ya kumkimbiza hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe ukweli bila haya.

Msomaji wa Maua au Meru ana haki ya kuuliza: miraa inaingiaje katika balaa hili? Wazee wa Nyambene wameitafuna vizazi na vizazi, huwekwa mbele ya wageni kwenye posa na huambatana na mashauri ya baraza la wazee la Njuri Ncheke, wala hatujasikia kijiji kimepatwa na wazimu. Pingamizi hilo lina uzito. Kathinoni, kemikali kuu ya jani bichi, ni ndugu wa karibu wa amfetamini. Hudhoofika ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa, na ndiyo sababu pikapu za miraa hukimbizwa barabarani kama zinafukuzwa. Lakini mtafunaji huinyonya polepole kwa saa kadhaa, na shavu lina mwisho wake. Kasi ya dawa kufika ubongoni ni sehemu kubwa ya madhara yake: jani la koka analotafuna mkulima wa Andes na kokeini inayovutwa kama moshi zina asili moja, ila hazimfanyi mtu kitu kimoja. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilipoichunguza miraa 2006 haikupendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Kuiweka kapu moja na methamfetamini, basi, ni kutia chumvi, na kijana akigundua tumetia chumvi hapo atayapuuza na maonyo yetu ya kweli.

Hata hivyo, mila ya wazee ilibeba mipaka yake: nani atafune, saa ngapi, kwa sababu gani, mbele ya nani. Mipaka ikiondoka, kinachobaki ni jani peke yake. Kijana anayeanza kutafuna gomba kabla hajamaliza shule, akashinda maskani hadi alfajiri, kisha akatafuta pombe au vidonge vya usingizi ili stimu ishuke, hafanyi kile alichofanya babu wa Nyambene. Utafiti wa Hargeisa uliochapishwa 2005 uliona kwamba watu waliopatwa na ugonjwa mkali wa akili walikuwa wameanza kutafuna mapema zaidi, na kwa wingi zaidi, kuliko wenzao wasiougua. Utafiti wa namna hiyo pekee hauthibitishi kwamba jani ndilo chanzo, kwani vita vya huko navyo viliwajeruhi watu wale. Lakini unaelekeza palepale panapoelekezwa na ushahidi mwingine: umri wa kuanza, kiasi, na usingizi uliopotea huleta tofauti kubwa kuliko jina la dawa.

Pingamizi la pili linatoka hospitali. Watoto wenye tatizo la kukosa utulivu na umakini hupewa methilfenideti, na Marekani hupewa hata amfetamini. Kama ni sumu, mbona madaktari wanazitoa? Wanazitoa kwa kipimo kidogo, kwa njia ya mdomo, ili zipande taratibu ubongoni, kwa mtu aliyechunguzwa na anayefuatiliwa usingizi, uzito na mapigo ya moyo. Askari wa 1940 alipewa kidonge na amri ya kusonga mbele, basi. Mwanafunzi wa chuo anayenunua kidonge cha mwenzake usiku wa kuamkia mtihani yuko karibu na yule askari kuliko na mgonjwa. Na kahawa je? Kafeini huziba vipokezi vya adenosini, kemikali inayojilimbikiza kutwa na kuuarifu mwili kwamba umechoka. Haisababishi mafuriko ya dopamini wala haiunguzi seli kwa namna tuliyoieleza. Mnywaji wa kahawa chungu barazani anaweza kukosa usingizi, lakini hajaingia katika safari hii.

La tatu huja kwa sura mbili zinazopingana. Mmoja husema ubongo ukiharibika umeharibika, hivyo mraibu aachwe. Mwingine husema ubongo wa kijana hupona, hivyo kuonja si hoja. Kazi ya Volkow inawajibu wote wawili. Waliokaa takriban mwaka mmoja na zaidi bila kutumia walirudisha pampu za dopamini kwa asilimia 16 hadi 19, kulingana na sehemu iliyopimwa, lakini uwezo wao wa mwendo na kumbukumbu haukupanda kwa kiasi hicho. Na uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali za California, uliochapishwa 2012, ulionyesha kwamba waliowahi kulazwa kwa sababu ya methamfetamini walipata ugonjwa wa Parkinson zaidi ya wengine kwa asilimia 76. Anayetaka kuacha ana sababu ya kutumaini: unyong'onyevu wa miezi ya kwanza ni kipindi cha ubongo kujirekebisha, nao hupungua. Asiyeanza ana sababu ya kutoanza, kwa kuwa kurudi hakumfikishi kila mtu pale alipoondokea.

Uzito wa kinga unaongezeka tukikumbuka tofauti moja kati ya heroini na vichangamshi. Tanzania ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, na watu wengi waliokuwa wakijidunga wamerudi kwenye kazi na familia zao. Kwa kokeini na methamfetamini hakuna dawa ya namna hiyo iliyokubalika. Na methamfetamini si habari ya mbali tena: Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamatwa kwa zaidi ya tani 3 za dawa katika Dar es Salaam na Iringa, sehemu kubwa ikiwa methamfetamini. Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ya kitabia: mgonjwa hupimwa mkojo mara kwa mara, na kila kipimo kikiwa safi hupewa zawadi ndogo papo hapo, sambamba na ushauri nasaha. Hospitali za maveterani wa Marekani zimeutumia utaratibu huo tangu 2011. Kuna watakaosema huko ni kuwahonga walevi. Lakini ukielewa kwamba ugonjwa umeharibu mfumo wa thawabu, utaona mantiki ya kuufundisha upya kwa thawabu ndogo, ya hakika, isiyochelewa. Nyumba zetu za upataji nafuu zingeweza kuujaribu kwa vocha za simu au unga wa ugali.

Kwa vijana, kumbukumbu za nchi nyingine zinatuonya tusitegemee hotuba. Mpango wa D.A.R.E., ulioanzishwa Los Angeles mwaka 1983, uliwapeleka polisi madarasani kuwaonya watoto. Tathmini nyingi zilizofuata hazikuona kwamba uliwazuia kutumia dawa. Iceland ilikwenda njia nyingine: ilifadhili michezo na muziki baada ya masomo, ikaweka saa za watoto kurudi nyumbani, ikawakutanisha wazazi wafahamiane. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema walilewa pombe ndani ya mwezi uliopita. Kufikia 2016 walikuwa asilimia 5. Huo ulikuwa ushindi dhidi ya pombe na sigara zaidi ya vichangamshi, na Iceland ni nchi ndogo yenye fedha. Lakini kiini chake hakihitaji utajiri wa Iceland: kumchelewesha mtoto asianze, kwa kuyajaza masaa yake na kwa watu wazima wanaojuana. Mtaa wetu wa zamani, ambamo kila mzazi alikuwa mzazi wa wote, uliifanya kazi hiyo bila bajeti. Sehemu ya mbele ya ubongo haikomai kabla ya katikati ya miaka ya ishirini, na kila mwaka unaopita bila dawa ni mwaka wa ujenzi.

Sheria nayo ina nafasi yake, mradi tusiitwishe kazi yote. Tanzania Bara inaihesabu mirungi kuwa dawa ya kulevya chini ya sheria ya 2015, ilhali Kenya inaitambua kuwa zao la biashara. Mei 2024 Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku muguka, aina ya miraa, wakulima wa Embu walikwenda mahakamani na Mahakama Kuu ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi. Wazazi wa Pwani hawakukosea kulia juu ya watoto wao, na wakulima wa Embu hawakukosea kuuliza watakula nini. Lipo jambo ambalo pande zote mbili zingeweza kukubaliana siku hiyohiyo: mtoto asiuziwe, na kibanda kisikae karibu na shule.

Linabaki lile la kazi, ambalo ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote. Mlinzi anayeunganisha zamu ya usiku na ya mchana, kijana wa bodaboda anayelala kwa muda wa saa tatu tu kwa sababu ya marejesho ya pikipiki, dereva wa lori la kwenda Kigali au Lubumbashi anayelipwa kwa safari: hawa hawakutumbukia kwa kupenda anasa. Sheria ya Trafiki ya Kenya inakataza dereva wa gari la abiria au la mizigo kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Ikisimamiwa kwa dhati ingewakinga watu wengi kuliko mabango ya fuvu na mifupa. Chama cha wafanyakazi kinapodai saa za kupumzika kinafanya kazi ya afya ya ubongo, hata kama hakijui. Na mwajiri anayempangia dereva mmoja safari ya saa 20 asijifanye kushangaa akimkuta na vijiti shavuni au kidonge mfukoni, kwa sababu alikwisha kuviandika kwenye ratiba. Tuanze kumkagua yeye.